Jina la Mtoto wa Tuntufye

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana wahusika wote wangali hai na wanakula viazi vyao, palikuwa na nyumba moja ya matofali juu milimani, ubavuni mwa kituo cha afya cha Lugombo. Haikuwa wodi, haikuwa nyumba ya wageni. Ilikuwa nyumba ya kusubiria. Wajawazito wa mbali waliambiwa na wauguzi: wewe usizalie nyumbani, njoo ukae hapa mpaka siku yako ifike. Mwenye kovu la upasuaji akasubiri. Mwenye mimba ya saba akasubiri. Msichana mfupi mwenye mimba ya kwanza akasubiri. Na kusubiri, wenzangu, ni shamba lisilo na mwisho: unalima asubuhi, jioni limerudi lote kuwa pori.

Mwenye mimba ya saba aliitwa Bupe. Alikuwa mchuma chai, mtu wa maneno machache. Watu walimwita Mama Ikupa, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na wengi hawakujua kama ana jina lingine. Mwenye kovu aliitwa Subilaga. Huyu aliwahi kufanya kazi Mbeya mjini, katika duka la karatasi na kalamu, na huko wenzake walimfundisha mchezo mmoja ambao pale kituoni hakuna aliyewahi kuusikia.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila mchezaji anajitungia mtu: jina lake, kazi yake, anachokiweza, anachokiogopa. Mmoja anakuwa mwongozaji. Mwongozaji anasema mko wapi na mmekutana na nini, nanyi mnasema watu wenu wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu inatikiswa ndani ya kikombe, kikombe kinafunikwa kitandani, mwongozaji anafunua kidogo na kusoma. Nne kwenda juu, umeweza. Tatu kushuka chini, umeshindwa. Na atakachosema mwongozaji, ndicho kilichotokea.

Subilaga alikuwa na dadu, kikombe cha plastiki, na madaftari mawili ya jalada gumu. Kila asubuhi aliandika. Alichora mito, akachora njia, akaandika majina ya wafalme na ya mbuzi wao. Kila baada ya chakula cha mchana wanawake walikaa kwenye vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja, na Subilaga akafungua daftari, akasema, "Jana tuliwaacha pale."

Wachezaji walikuwa watatu. Wa kwanza Lugano, mwenye mashine ya kusaga mahindi, aliyezoea kusema kwa nguvu kana kwamba mashine inanguruma hata alipokuwa chooni. Mtu wake alikuwa mlinzi mwenye mkuki, naye alimpa jina la Asajile. Hilo lilikuwa jina la kaka yake, aliyefariki mwaka uliotangulia. Katika mchezo Asajile alitembea, alitania, alikula kupita wote, na Lugano alicheka kwa kicheko cha kaka yake. Wa pili Tuntufye, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyelelewa na bibi yake ng'ambo ya mto. Mtu wake alikuwa Nyuki, hodari wa kurusha kamba. Wa tatu Bupe. Subilaga alipomuuliza mtu wake ni nani, alisema, "Awe mpishi." Anaitwa nani? "Mwiteni Mpishi tu."

Siku kumi na tano watu hao walibeba chungu cha moto kuvuka milima, wakiupeleka kwa wenyeji wa nchi ambayo meko yake yote yalikuwa yamezimika. Siku kumi na tano hakuna aliyehesabu siku.

Asubuhi ya kumi na sita Subilaga alishikwa na uchungu, na kovu likaanza kumuuma vibaya. Gari la wagonjwa likaletwa. Walimbeba kwa machela, shuka likiwa na damu, begi lake chini ya kichwa kama mto. Ndani ya begi mlikuwa na madaftari yote mawili. Gari likashuka kwenda hospitali kubwa, mwendo wa saa nzima. Kitandani kwake pakabaki dadu na kikombe.

Tuntufye aliiona ile damu. Hakulia. Alirudi chumbani, akakunja khanga zake, akatia beseni na sabuni katika mfuko wa shangazi kaja, akaenda kwa nesi Mwaipaja.

"Nakwenda nyumbani," akasema. "Bibi yangu ndiye aliyenipokea mimi. Atampokea na huyu."

"Mwanangu, nyonga zako ni nyembamba na mtoto hajakaa vizuri. Ndiyo maana uko hapa."

"Na yule aliyekuwa hapa mnampeleka kukatwa."

Nesi akasema, "Hapa si gerezani. Siwezi kukufungia mlango. Lakini nakuomba usiende."

"Gari la maziwa linapita njia panda saa tisa," akasema Tuntufye. "Nitapanda hilo."

Bupe na Lugano walikuwa wakifua karibu na dirisha, wakasikia yote. Lugano akakamua khanga, kisha kwa mara ya kwanza tangu afike Lugombo akasema kwa sauti ya chini.

"Mama Ikupa, gari likipita bila yeye, mpaka kesho hakuna lingine. Kesho atakuwa ametulia. Mshike mpaka saa tisa ipite."

"Nimshike na nini?"

"Na mchezo."

"Madaftari yameondoka."

"Basi uongoze bila madaftari."

"Mbona usiongoze wewe?"

"Mimi? Nikiongoza mimi itakuwa ugomvi mpaka magharibi. Wewe una watoto sita. Miaka kumi na saba wanakuuliza maswali. Ni siku gani uliwahi kujiandaa?"

Saa saba na nusu Bupe alimkuta Tuntufye amekaa ukingoni mwa kitanda, mfuko miguuni.

"Gari ni saa tisa," akamwambia. "Njoo tuvuke mto kwanza. Usimwache Nyuki njiani."

Tuntufye akasita. Akasogea, mfuko akasogea nao.

Bupe akakaa pale alipokuwa akikaa Subilaga. Hakuwa na daftari. Hakuwa na ramani. Hakuwa na jina la mtu wala la mbuzi. Moyo ulimdunda kama siku ile, akiwa msichana, alipopeleka kapu lake la kwanza la chai kwenye mizani.

"Mmefika mtoni," akasema. Kisha akanyamaza, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yote aliyokuwa nayo.

"Mto mkubwa?" akauliza Lugano.

Bupe akawakumbuka wanawe. Mtoto akimuuliza mwezi unakula nini, naye hajui, humwambia: wewe unadhani unakula nini? Na mtoto hujibu vizuri kuliko mama.

"Tuntufye, Nyuki ndiye mwenye macho makali. Mto ukoje?"

Tuntufye akatazama dari. "Umejaa. Maji yana rangi ya chai. Daraja limekatika upande mmoja."

"Limekatika, ndiyo," akasema Bupe, kana kwamba alilijua tangu jana. "Na ng'ambo yuko mtu. Lugano, Asajile anamwona. Ni nani?"

"Mwanamume mnene. Ana shoka. Amekalia ngoma."

"Anaitwa nani?" akauliza Tuntufye.

Hapo Bupe alikwama. Akainua macho, na ukutani palikuwa na bango la chanjo za watoto, na maradhi yote yameorodheshwa.

"Pepopunda," akasema.

Lugano alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. "Na mkubwa wake?"

"Mkubwa wake ni Kifaduro. Hawezi kumaliza amri bila kukohoa."

Hata Tuntufye akatabasamu. Bupe akaona, akapata nguvu. Alipokwama, aliuliza. Pepopunda anataka nini? Anataka moto wetu, akasema Tuntufye. Pepopunda anaogopa nini? Anaogopa mke wake, akasema Lugano. Mke anaitwa nani? Surua, wakasema wote wawili kwa pamoja. Je, Surua yuko nyumbani leo? Bupe hakujua, kwa hiyo akaiuliza dadu. Dadu ikasema yuko. Na Surua akatoka na mwiko mkononi, na hadithi ikaenda yenyewe, kama mbuzi aliyeona majani.

Lakini saa nane na nusu ilikauka. Wenzangu, kuna kimya cha kufikiri na kuna kimya cha kisima kisicho na maji, na hiki kilikuwa cha kisima. Bupe alitafuta swali, hakulipata. Tuntufye akautazama mfuko wake.

Bupe akasema lililokuwa karibu na mdomo. "Mpishi anauliza: mmekula nini tangu jana?"

"Hatujala," akasema Lugano.

"Basi anakoka moto kutoka kwenye chungu, anachoma viazi. Kaeni. Wakati viazi vinaiva, kila mtu aseme anachokihofia ng'ambo ya mto."

Asajile alisema anahofia baridi. Nyuki alichelewa kujibu. Tuntufye aliivuta khanga yake mpaka mdomoni, akasema taratibu, "Nyuki anaogopa kwamba wakimkata hataamka. Na bibi yake hatakuwepo pale, hatajua hata saa aliyokufa."

"Mpishi anamega kiazi," akasema Bupe. "Anampa Nyuki kipande kikubwa. Anakaa karibu naye."

Wakakaa hivyo muda mrefu. Hapo honi ya gari la maziwa ikasikika kutoka chini bondeni, ile honi ya kwanza inayowaambia watu wa njia panda wajiandae.

Tuntufye akasimama, akachukua mfuko, akafika mlangoni.

"Asajile anaingia mtoni," akasema Lugano.

Bupe alishtuka. "Anaingia mtoni? Daraja tunalitengeneza."

"Anaingia mtoni na chungu kichwani. Amechoka kusubiri."

Bupe akatikisa dadu, akafunika, akafunua. Moja. Akaisoma kama ilivyo: "Mguu umeteleza. Chungu amekirusha ng'ambo, kimepona, lakini yeye maji yamemchukua. Ameshika tawi. Tawi linavunjika. Mwenye kamba ni Nyuki peke yake."

Nje honi ikalia mara ya pili, karibu zaidi. Lugano alimtazama Tuntufye, na macho yake yalikuwa mekundu, maana jina lililokuwa majini lilikuwa jina la kaka yake.

Tuntufye, mfuko ungali begani, akasema, "Natupa kamba."

Bupe akatikisa. Akafunika kikombe kitandani. Akafunua upande wake kidogo, kama Subilaga alivyokuwa akifanya, akaona. Dadu ilikuwa imelala kwenye tano.

Tano. Kamba imefika. Asajile ameokoka, Nyuki amemaliza kazi yake, na Tuntufye ataondoka na moyo mweupe kwenda kulipanda gari. Yote haya Bupe aliyaona kwa muda wa kupepesa jicho.

"Mbili," akasema, akaifunika dadu kwa kiganja.

Lugano akainamisha kichwa. Tuntufye akautua mfuko. Alirudi akapiga magoti mbele ya Lugano, akamshika mikono, akasema, "Dada, nisamehe, nilichelewa. Nilikuwa mlangoni." Na Lugano akalia kilio alichokinyima nafasi mwaka mzima. Wakamwombolezea Asajile, wakamsifu kwa ulafi wake na mkuki wake. Gari la maziwa likapita njia panda, likapiga honi ya mwisho, likashuka. Hakuna aliyelisikia ila Bupe.

Saa kumi na robo gari la wagonjwa lilirudi kutoka hospitali, na dereva akaleta habari kwamba Subilaga amejifungua salama, mtoto wa kiume, ila kizazi kimebidi kitolewe. Dereva hajamaliza kunywa chai yake, Tuntufye alipiga kelele uani. Chupa ilikuwa imepasuka, na kamba ya kitovu ilikuwa imetangulia mbele ya kichwa cha mtoto. Nesi Mwaipaja aliingiza mkono, akakisukuma kichwa juu kisibane kitovu, na hakuutoa mkono ule mpaka hospitali, saa nzima ya makorongo. Huko Tuntufye alikatwa, na aliamka. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mwenye hasira. Daktari akasema, "Kama haya yangemkuta njiani au nyumbani, tusingekuwa na mtoto."

Siku ya tisa wanne hao walikutana tena Lugombo. Subilaga na Tuntufye walikuja kukaguliwa vidonda. Bupe alikuwa na mtoto wake wa saba mgongoni, aliyemzaa palepale kituoni asubuhi moja kabla uji haujapoa. Lugano alikuwa bado, tumbo mbele, sauti juu. Nesi Mwaipaja akatoa kadi ya kliniki ya mtoto wa Tuntufye, na mahali pa jina palikuwa pameachwa wazi.

"Bibi yangu amenituma," akasema Tuntufye. "Amesema mtoto huyu achukue jina la aliyemzuia mama yake asilipande gari lile. Mimi nilidhani ni Mungu peke yake. Nesi ananiambia kuna watu. Basi niambieni, mama zangu. Nani?"

Wakatazamana. Kisha Lugano akasema, maana yeye kimya kilimchosha upesi.

"Wazo lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesema mshike mpaka saa tisa ipite. Na honi ilipolia, Mama Ikupa alikuwa amekwama. Ulikuwa umefika mlangoni. Nani alikurudisha? Nilimtia kaka yangu mtoni, mwanangu. Kwa siku kumi na tano nilikuwa nimempata tena, nikamtoa ili wewe ubaki. Silitaki jina langu. Naomba mtoto aitwe Asajile. Ni jina la mwanamume na la mwanamke pia."

Subilaga akasema polepole, mkono juu ya kidonda. "Mimi sikuwepo. Lakini mtoni pale mlifikaje? Nani aliwapa Nyuki na Asajile? Siku ya kwanza, Tuntufye, ulikuwa hutaki hata kula. Niliandika madaftari mawili, usingizi wangu wote wa asubuhi, na kila ukurasa nilijiuliza ni kitu gani kitamfanya yule msichana atake kuiona kesho. Kama usingempenda Nyuki, Mama Ikupa angeuliza maswali mpaka akauke koo. Nami sitazaa tena. Binti wa kumpa jina langu sitampata."

Ikawa zamu ya Bupe. Alijisikia haya, kwa kuwa jambo alilotaka alilitaka sana. Hakuwa mtu wa kutaka vitu.

"Niliongoza bila kitu," akasema. "Sikuwa na daftari. Sikuwa na ramani. Nilikuwa na bango la chanjo na maswali ya watoto. Saa moja na nusu nilitembea gizani mchana kweupe, nikiwashika ninyi mkono. Na jina langu ni Bupe. Nimezaa watoto saba, na kila mmoja amepewa jina la watu wa upande wa baba yake. Watu wananiita Mama Ikupa. Ningependa awepo mtu mmoja anayeitwa Bupe."

Wenzake wakadhani amemaliza. Angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angejua.

"Lakini kuna jambo," akasema. "Dadu haikusema mbili. Ilisema tano. Kamba ya Nyuki ilifika. Asajile alikuwa ameokoka. Mimi ndiye niliyemwua, kwa mdomo wangu, nikaificha dadu kwa kiganja. Nilijua akipona, Tuntufye ataondoka."

Subilaga alimtazama kama mtu aliyesikia kwamba kisima chake kimetiwa tope, kwa sababu yeye kwa siku kumi na tano hakuwahi kudanganya namba hata moja, na kwa hiyo wote waliziamini. Tuntufye alimkumbatia mtoto.

Lugano akauliza, "Tano kabisa?"

"Tano kabisa, dada."

"Kwa hiyo kaka yangu alifika ukingoni."

"Alifika."

Lugano akapangusa uso kwa upindo wa khanga. "Laiti usingeniambia," akasema. Kisha akasema, "Ndaga, asante kwa kuniambia." Na hakuna aliyejua kati ya maneno hayo mawili lipi ndilo la moyoni, pengine hata yeye mwenyewe. Lakini alisogea kwenye benchi, akampa Bupe nafasi ya kukaa, akamsaidia kumfungua mtoto mgongoni.

Nesi Mwaipaja akachukua kalamu. "Wagonjwa wanasubiri nje," akasema. "Niandike nani?"

Tuntufye akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu, na wote aliwapenda.

Sasa nyinyi mlioketi hapa na kusikia yote, ishikeni ile kalamu. Yuko Subilaga, aliyeandaa kila kitu lakini siku yenyewe hakuwepo. Yuko Lugano, aliyetoa wazo na kumtia kaka yake mtoni, huku akitumaini kwamba dadu itamrudisha. Na yuko Bupe, aliyeongoza mikono mitupu, akaokoa mtoto kwa uongo mmoja, kisha akausema ukweli ambao ungeweza kumnyima jina. Kadi ina nafasi ya jina moja tu. Je, mtoto aitwe nani?